Haki Zetu Hazimo Kwenye Orodha ya Pili

Katika duka la fotokopi jirani na Mahakama Kuu hapa Arusha, watu wawili walikuwa wanabishana juu ya ibara moja, kila mmoja ameshika Katiba yake. Mzee alikuwa na nakala kuukuu ya miaka ya themanini, jalada lake limeshikizwa kwa selotepu. Kijana alikuwa na toleo la 2005.

"Soma mwenyewe," mzee alisema. "Ishirini na moja, ibara ndogo ya kwanza. Kila raia."

"Mzee wangu, hapa kwangu haianzi hivyo. Hapa inaanza na 'Bila ya kuathiri'."

Wote wawili walikuwa wanasoma sawasawa.

Mwenye duka alicheka, akauliza ni kurasa ngapi za kutoa, na mambo yakaishia hapo. Mimi ubishi ule umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Tukizungumza kuhusu Katiba na haki, swali letu huwa ni moja: haki fulani imo au haimo? Sasa hii ya kushiriki katika utawala wa nchi imo katika nakala zote mbili, kwa namba ileile. Kilichoongezeka ni maneno ya kutangulia sentensi. Na maneno hayo ndiyo yaliyobeba kesi ya miaka 20, iliyoanzia Dodoma na kumalizikia Arusha hapahapa.

Siku 39

Wengi tunamkumbuka Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa aliyeifungua kesi hiyo, kwa sauti yake kuliko kwa hoja zake. Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Mabadiliko ya Nane ya Katiba, mwaka 1992, yalileta vyama vingi. Ibara ya 39 na ya 67 zikamtaka mgombea wa urais na wa ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 21 haikuguswa. Ikabaki inasema kila raia ana haki ya kushiriki katika shughuli za utawala, moja kwa moja au kupitia wawakilishi aliowachagua kwa hiari, kwa kufuata utaratibu wa sheria.

Katiba moja, kauli mbili zisizopatana.

Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba pale kauli zinapogongana, tafsiri inayoipa haki nafasi ndiyo ifuatwe. Kwa hiyo raia asiye na chama angeweza kugombea. Katika hukumu hiyohiyo aliondoa sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano wa hadhara. Ndiyo asili ya utaratibu wa sasa wa kupeleka taarifa polisi saa 48 kabla. Taarifa na kibali ni vitu viwili tofauti, ingawa ukiwa kaunta ya kituo tofauti hiyo huwa haionekani.

Tarehe 2 Desemba 1994 Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja. Hesabu mwenyewe: siku 39 tangu hukumu.

Bunge halikuifuta ibara ya 21, wala halikuandika kwamba raia asiye na chama hana haki. Liliacha haki ilipo, likaitanguliza kwa sharti: bila ya kuathiri masharti ya ibara zinazohusu wagombea, zikiwamo ya 39 na ya 67, na sheria za nchi zinazohusu kuchagua na kuchaguliwa. Mgongano alioutegemea Jaji Lugakingira ukawa haupo tena. Hakukuwa na haja ya kusubiri rufaa.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa tena ushindi, safari hii wakiyapima mabadiliko yenyewe. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, jopo la majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua: mahakama haina mamlaka ya kuitangaza ibara ya Katiba kuwa batili, na suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikikaa hapa Arusha, ikasema Tanzania imevunja ibara za 2, 3, 10 na 13 za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaamuru Katiba na sheria zirekebishwe.

Mtikila alifariki Oktoba 2015. Uchaguzi wa mwezi huohuo ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja, na zilizofuata vivyo hivyo.

Hesabu ya ibara ya 98

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Inawezekanaje haki ya msingi ibadilishwe kwa siku 39? Jibu liko kwenye ibara ya 98, ambayo watu wachache huifungua, na kwenye Nyongeza ya Pili mwishoni mwa kitabu, ambayo wachache zaidi huifikia.

Ibara ya 98(1) ina njia mbili. Ya kwanza ndiyo ya kawaida: muswada wa kubadilisha Katiba upate kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Neno "wote" lina uzito. Bunge likiwa na wabunge 390, zinatakiwa kura 260, hata kama ukumbini wamekaa 300. Aliyesafiri, aliyelala hotelini na aliyekataa kupiga kura wote wanahesabika upande mmoja na aliyesema hapana. Kwa chama kilichogawanyika hicho ni kizingiti kikubwa. Kwa chama chenye wabunge zaidi ya theluthi mbili, ni suala la mnadhimu kuhakikisha watu wapo.

Njia ya pili ina kufuli mbili. Muswada unaohusu mambo ya Orodha ya Pili, iliyomo ndani ya Nyongeza hiyo ya Pili, unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara, na papo hapo theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Zanzibar. Upande mmoja ukikosa, muswada umekufa.

Orodha hiyo ina mambo manane: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwapo kwa ofisi ya Rais, madaraka ya Serikali ya Muungano, kuwapo kwa Bunge, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar.

Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza, yaani ibara ya 12 hadi ya 32, yenye haki zetu, haimo.

Kwa maneno mengine, idadi ya wabunge kutoka Zanzibar imefungwa kwa kufuli mbili na haki ya kuishi imefungwa kwa moja. Kura ya maoni ya wananchi haitakiwi kwa lolote kati ya hayo. Siwalaumu waliotunga. Orodha ilitengenezwa kuulinda Muungano, na kazi hiyo inaifanya. Haki ziliingia baadaye, katika Mabadiliko ya Tano ya 1984, Sheria Namba 15, na zilipoingia hakuna aliyerudi nyuma kuongeza kipengele kwenye nyongeza.

Hata zilipoingia, zilisimamishwa kwanza. Sheria ya mpito ya mwaka huohuo iliweka miaka mitatu ambayo mwananchi asingeweza kuzidai mahakamani, hadi Machi 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kusafisha sheria zinazopingana nazo. Usafi haukufanyika ipasavyo. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991, bado ilikuta sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Upande wa pili wa kufuli nyepesi

Nikiwa nimeshaandaa kichwani hoja kwamba kufuli moja haitoshi, nilikutana na ibara ya 18, na hoja ikayumba.

Hadi 2005, uhuru wa maoni nao ulianza na "Bila ya kuathiri sheria za nchi". Maana yake Bunge lingeweza kutunga sheria yoyote ya kubana maoni, na Katiba yenyewe imeshaipa ruhusa. Mabadiliko ya Kumi na Nne, Sheria Namba 1 ya 2005, yaliyaondoa maneno hayo. Leo ibara ya 18 inaanza moja kwa moja na kila mtu na uhuru wake wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na inaongeza haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi.

Theluthi mbili ileile. Maneno yaleyale, hapa yameondolewa, kule yameongezwa.

Kama haki zingekuwa kwenye Orodha ya Pili mwaka 2005, wabunge wachache wa upande mmoja wa Muungano wangeweza kuyazuia marekebisho hayo. Na mwaka 1984? Huenda tusingepata Sehemu ya Tatu kabisa. Anayedai kufuli ngumu lazima akubali kwamba nayo itawafungia nje wanaotaka kuongeza.

Kuna jambo jingine. Maneno ya mwanzo yalipoondoka kwenye ibara ya 18, kikomo hakikuondoka. Kiko ibara ya 30.

Kazi ya ibara ya 30

Ibara ya 30(2) inasema sheria haitakuwa haramu kwa sababu tu inabana haki, ikiwa lengo lake ni kulinda haki za wengine, ulinzi na usalama, amani, maadili na afya ya jamii, mipango ya maendeleo, utekelezaji wa hukumu, na mengine, hadi kufikia manufaa ya taifa kwa ujumla. Ukiisoma hivyo tu utadhani hakuna sheria inayoweza kuanguka.

Zilianguka, na moja ya kesi zilizoonyesha njia ilitoka kanda yetu hii: Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 hapa Arusha. Wakati huo kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali kilimtaka anayeidai Serikali apate kwanza ridhaa ya waziri. Unamshtaki mtu kwa ruhusa yake! Mahakama ya Rufani ilikitangaza kifungu hicho batili. Ikaeleza kwamba sheria inayobana haki itaokolewa na ibara ya 30 endapo itatimiza masharti mawili. Kwanza, isiwe ya kiholela: iwe na kinga dhidi ya uamuzi wa kionevu na njia za kudhibiti matumizi mabaya. Pili, isibane zaidi ya kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali.

Vipimo hivyo viwili ndivyo mawakili wanavyovitumia hadi leo. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshavigusa mwaka 1991 katika kesi ya Daudi Pete, iliyohusu dhamana.

Bunge likajibu mwaka uliofuata, na hapa jibu lilikuwa la kistaarabu: ridhaa ikaondolewa, ikawekwa notisi ya siku 90. Anayetaka kufungua kesi ya madai dhidi ya Serikali anaiandikia wizara, idara au ofisa husika, anaeleza msingi wa madai yake, na nakala anaipeleka kwa Mwanasheria Mkuu. Kosa la kawaida ni kufungua kesi siku ya 80 na kitu kwa kuhofia ukomo wa muda wa madai. Inatupwa, na saa ya ukomo inaendelea kukimbia. Lingine ni kuandika notisi ya malalamiko matupu bila kutaja msingi wa dai. Hiyo nayo haihesabiki kuwa notisi.

Kwa hiyo Bunge linapojibu hukumu huwa na njia mbili: kurekebisha sheria ili ikidhi Katiba, kama lilivyofanya kwa Pumbun, au kurekebisha Katiba ili ikidhi sheria, kama lilivyofanya kwa Mtikila. Tofauti ya miswada hiyo miwili ni idadi ya kura tu.

Mlalamikaji akifika masjala

Haki iliyo kwenye karatasi inadaiwa kwa ibara ya 30(3) na ya 26(2). Ya kwanza ni ya mtu ambaye haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa. Ya pili ni ya raia yeyote anayechukua hatua kuilinda Katiba, hata kama yeye binafsi hajaguswa. Utaratibu uko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, Sheria Namba 33 ya 1994. Tazama mwaka. Haki ziliingia 1984, zikaanza kudaiwa 1988, utaratibu ukaja 1994.

Ombi linapelekwa masjala ya Mahakama Kuu. Lazima lionyeshe jina na anwani ya mleta maombi na ya kila anayelalamikiwa, sababu za maombi, ibara mahususi ya Sehemu ya Tatu iliyovunjwa, maelezo ya tukio na nafuu inayoombwa. Maelezo ya tukio ni maelezo, siyo ushahidi; watu hujaza kurasa 60 za vielelezo, ibara wakaisahau. Linasikilizwa na majaji watatu. Jaji mmoja anaweza kulipima kwanza kama ni la kipuuzi au la kusumbua tu.

Maombi mengi huishia kwenye kifungu cha 8(2) cha Sheria hiyo. Kinasema Mahakama Kuu haitatumia mamlaka yake kama kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu kwa sheria nyingine. Mfano: umenyang'anywa leseni ya biashara bila kusikilizwa. Ibara ya 13(6) imevunjwa, ni kweli. Lakini kama sheria ya leseni ina rufaa, au kama ungeweza kuomba Mahakama Kuu iyapitie maamuzi hayo, utaambiwa ukaanzie huko. Anayelijua hilo mapema huanza kwenye rufaa ya kawaida na huweka kumbukumbu ya kila barua.

Mwaka 2020 Bunge liliongeza kwenye kifungu cha 4 cha Sheria hiyohiyo ya Utekelezaji sharti la kuambatisha kiapo kinachoonyesha jinsi mleta maombi alivyoathirika yeye binafsi, hata anayekuja kwa ibara ya 26(2), na sharti la kumaliza njia nyingine zote kwanza. Hakuna ibara ya Katiba iliyoguswa. Hazikuhitajika kura 260. Kifungu hicho nacho kimepelekwa mahakamani, kwa hiyo kabla ya kuandika ombi lolote tafuta kwanza kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu ya karibuni kabisa inayokihusu.

Na ukishinda? Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Katika kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa, Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja, Julai 2016. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Mwaka ukapita, Sheria ya Ndoa ya 1971 ikabaki na vifungu vilevile.

Mahakama mbili za jirani

Sisi wa Arusha tuna mahakama mbili za kikanda tunazozipita kwa daladala. Ile ya Afrika, barabara ya Dodoma, Tanzania iliwafungulia mlango wananchi wake Machi 2010 kwa tamko chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoiunda mahakama hiyo, ikaliondoa tamko hilo Novemba 2019. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 mwananchi au asasi haiwezi kufungua kesi mpya moja kwa moja dhidi ya Tanzania. Kesi zilizokwisha kufunguliwa ziliendelea. Kabla ya mlango kufungwa mahakama hiyo ilikuwa imeshasema, Julai 2020, kwamba ibara ya 41(7), inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais, inakiuka Mkataba.

Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, na haimtaki amalize kwanza mahakama za nyumbani. Kikwazo chake ni kalenda: miezi miwili tangu sheria itungwe au kitendo kifanyike, au tangu mlalamikaji alipojua. Haiongezi muda, na hoja kwamba uvunjaji unaendelea mpaka leo imeshaikataa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipingwa huko ndani ya muda, na Machi 2019 vifungu vyake kadhaa vikaonekana kukiuka Mkataba wa Jumuiya. Anayesubiri muswada usainiwe ndipo atafute wakili ameshapoteza wiki kadhaa za maandalizi.

Kipengele cha tisa

Kenya, Katiba ya 2010, iliziweka haki kwenye ibara ya 255 pamoja na mambo mengine makubwa. Kuzigusa kunahitaji kura ya maoni ambayo angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha katika kila kaunti, kwa angalau nusu ya kaunti zote, wamepiga kura, na walio wengi wakakubali.

Nilifikiri kwa muda kwamba sisi tungeweza kuwa na kufuli ya upande mmoja: kupunguza haki kuwe kugumu, kuongeza kuwe kwepesi. Inavutia, lakini haifanyi kazi. Nani ataamua kama muswada unapunguza? Mwaka 1994 Serikali ingesema kwa uso mkavu kwamba inafafanua tu utaratibu wa uchaguzi. Kufuli inayofunguka kwa maelezo ya anayetaka kuifungua haina faida. Afadhali ihusu maandishi yote ya Sehemu ya Tatu, kwa kuongeza na kwa kupunguza, na tukubali kwamba mabadiliko mazuri kama yale ya ibara ya 18 nayo yatachelewa.

Mjadala wa Katiba Mpya ukirudi, kuna kasoro ambayo wanaopendekeza kuongeza haki kwenye Orodha ya Pili huwa hawaitaji. Ibara ya 98 yenyewe haimo kwenye orodha hiyo. Nyongeza ya Pili haimo pia. Kwa maandishi yalivyo, kinachoongezwa kwenye orodha kwa kufuli moja kinaweza kutolewa kwa kufuli moja. Wakenya waliliona: kipengele cha mwisho cha ibara yao ya 255(1) ni sura yenyewe inayohusu mabadiliko ya Katiba.

Kwa hiyo haki zikiandikwa kama kipengele cha tisa, ibara ya 98 iwe cha kumi na Nyongeza ya Pili iwe cha kumi na moja, zote kwenye muswada mmoja. Cha tisa kikipita peke yake, kinaweza kuondolewa mkutano wa Bunge unaofuata kwa kura zilezile 260.